Kabla hujalipia kozi ya uchawi wa Kizungu (Wicca, Udruidi na jamaa zake), pitia hapa kwanza

Bint Chumbageni

Wakuu, habari za usiku. Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini uzi huu niliuahidi tangu siku ile mtu alipouliza kule kwenye uzi wa ajira za Uingereza, "Eti huko kuna vyuo vya uchawi?" mkamcheka mpaka akapotea. Jibu lake ni ndiyo, kozi zipo, tena nyingi. Mimi mwenyewe moja imenila pauni 180.

Nijitambulishe kidogo. Mzaliwa wa Tanga mjini, nipo Bristol mwaka wa sita, nafanya kazi ya kutunza wazee. Najua mnachotaka kusema. Mtu wa Tanga kamlipa Mzungu amfundishe uchawi. Semeni yote sasa hivi tumalize.

Mfipa Halisi

Sumbawanga wakisikia hii watakuitishia mchango. Pauni 180 ungekuja nazo huku ungerudi Bristol na ungo wenye kiyoyozi.

Kaka Zamu

Gamboshi, kijiji kinachosifika kwa uchawi, wameomba namba yako wakupe pole. Mimi nimekaa mbele kabisa, bisi mkononi. Endelea bibie.

Bint Chumbageni

Haya, mmemaliza?

Kwanza tuwekane sawa kwenye neno, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Kwetu mchawi ni yule anayewanga usiku na kumroga jirani kwa husuda. Hakuna anayesimama kwenye kikao cha harusi akasema "mimi mchawi, nachangia laki". Anayetibu ni mganga, anayetazamia ni mpiga ramli, kila mtu na jina lake. Hawa wa huku wamelichukua neno lililokuwa tusi karne na karne, wakalivaa mchana kweupe kama kanga mpya. Wicca kwao ni dini: ina mungu wa kike na wa kiume, ina sikukuu 8 kwa mwaka, ina makuhani. Na "mpagani", ambalo kwetu ni jina la kumsema mtu asiyeonekana msikitini wala kanisani, kwao ni jina la ukoo mzima wa dini za namna hiyo. Kwenye sensa ya England na Wales ya 2021, watu kama 74,000 walijiandika wenyewe Wapagani, na wengine kama 13,000 wakajiandika Wicca. Hakuna aliyewachongea.

Kwa hiyo kama umekuja kutafuta kozi ya kumnyoosha mke mwenza, umeingia uzi siyo.

Sasa kisa changu. Kazini tuna usiku mrefu, wazee wakilala unabaki na simu. Likanijia tangazo: uwe kuhani wa Wicca wa daraja la tatu kwa wiki 8, cheti juu. Mwalimu anasema elimu kairithi kwa bibi wa bibi yake, siri ya ukoo. Nikalipa. Usiku uleule nikaletewa mafaili 12 kwa mkupuo. Somo la 4 na la 9 ni kitu kimoja, kilichobadilika ni rangi ya mshumaa. Nikiuliza swali kwa barua pepe, narudishiwa salamu za baraka na kiungo cha duka lake la mawe. Mwisho kuna mtihani wa maswali 20 ya kuchagua. Nikasema ngoja nimpime: nikajibu A, mwanzo mpaka mwisho. Nimefaulu. Cheti kimekuja na jina langu limekosewa.

Wiki iliyofuata akaniandikia kwamba kuna daraja la juu, pauni 400, na nisipoendelea "mlango niliofungua utabaki wazi". Nikacheka peke yangu kwenye korido saa tisa ya usiku. Hii lugha naijua! Ndiyo ileile ya mabango ya kwenye nguzo za umeme: ukiacha dawa nusu, mizimu itakugeukia.

Dada wa Kapsabet

Wueh. Pole sana. Lakini sasa mtu kama mimi niko hapa Eldoret na simu tu, nitajuaje ni gani ya maana na ni gani ya wakora? Kuna mmoja nimekuwa nikimfuata, anasema ako na kozi ya "uchawi wa kijani", yaani wa mimea, ya mwaka mzima. Nilikuwa karibu nimtumie pesa mwisho wa mwezi.

Bint Chumbageni

Shika hiyo pesa kwanza, dada. Nakuja.

Aliyenifungua macho ni mpishi wa pale kazini, mzee wa miaka sitini na kitu, Mdruidi, yaani mfuasi wa njia ya kuenzi maumbile iliyochukua jina la makuhani wa kale wa Uingereza na jirani zake. Nilikuwa simjui kwa hilo. Nilimwonyesha cheti nikidhani tutacheka wote. Hakucheka. Akauliza jambo moja tu: "Huyu mwalimu, yeye alifundishwa na nani?" Nikamwambia bibi wa bibi. Akavuta kiti.

Alichoniambia nimekuja kukithibitisha kwa kusoma. Wicca siyo ya tangu enzi na enzi. Aliyeitoa hadharani ni Gerald Gardner, ofisa wa forodha aliyefanya kazi nchi ya Malaya (Malaysia ya leo), akastaafu, akarudi Uingereza 1936. Alidai alipokelewa na kikundi cha siri kwenye maeneo ya New Forest, kusini mwa England, mwaka 1939. Sheria ya Uchawi ya Uingereza, ile ya 1735, ilifutwa 1951, na mwaka 1954 yeye akatoa kitabu chake kuhusu uchawi huo. Kulikuwa na nadharia kwamba wachawi waliochomwa na kunyongwa Ulaya zamani walikuwa waumini wa dini ya kale iliyojificha. Msomi Margaret Murray aliitangaza mwaka 1921, na Gardner aliijenga nyumba yake juu ya msingi huo. Wanahistoria wameshaubomoa. Ronald Hutton, profesa wa hapahapa Bristol, aliandika historia nzima ya jambo hili mwaka 1999, na cha ajabu Wapagani wengi wenyewe wanaiheshimu kazi yake.

Ninachokipenda zaidi ni habari ya Doreen Valiente. Alipokelewa na Gardner 1953. Akaanza kusoma yale maneno ya ibada aliyoambiwa ni ya kale, akagundua sehemu nyingine ni za Aleister Crowley, mwandishi wa mambo ya uchawi, mtu wa juzijuzi tu. Akamkabili mwalimu wake. Gardner akamwambia kama anaona anaweza kufanya vizuri zaidi, afanye. Akafanya! Sehemu kubwa ya maneno yanayosomwa leo ni ya mkono wa yule mama. Sasa linganisha na mwalimu wako: ukimwambia "hii umeinakili mahali", atakupa kalamu au atakufungia nje ya kundi?

Ndiyo maana mimi sasa nikisikia "ukoo wetu vizazi 30" naondoka. Siyo kwamba bibi hawezi kumrithisha mjukuu majani ya dawa, sote tumeona. Lakini bibi aliyerithisha madaraja matatu ya Wicca kabla Gardner hajayatoa, huyo ni bibi wa kwenye tangazo.

Kaka Zamu

Na hayo madaraja bei gani kwa wenye nayo halisi?

Bint Chumbageni

Bure. Hapo ndipo nilipoumia.

Kwenye mila ya Gardner, na ile ya Alex Sanders iliyozuka miaka ya 1960, hupokelewi na kompyuta. Unapokelewa na koveni, kikundi cha watu wachache wanaokujua kwa sura, na desturi ni kusubiri mwaka na siku moja kwanza mkichunguzana. Kupokelewa hakuuzwi. Utachangia chai, mishumaa, nauli, basi. Kwa hiyo anayekuuzia "daraja la tatu" kwa barua pepe anakuuzia kitu ambacho wenyewe hawakitambui. Utakuwa na cheti cha udereva kilichotolewa na kinyozi.

Kozi ya kulipia si dhambi, nisieleweke vibaya. Mtu akikuuzia masomo ya historia, ya mimea, ya kusoma karata za tarot, ni muda wake na anakula. Tofauti ni nini hasa unalipia. Yule mpishi analipa. Yuko na Order of Bards, Ovates and Druids, jumuiya iliyoanzishwa 1964 na Ross Nichols, ikafufuliwa 1988 na Philip Carr-Gomm aliyeiongoza hadi 2020. Wana kozi ya posta, siku hizi na mtandaoni pia, ngazi tatu kama jina linavyosema. Masomo yanakuja kidogokidogo, huwezi kuyameza usiku mmoja, na mwanafunzi anaandikiana na mlezi, mtu mwenye jina. Wala hawakuulizi dini yako. Mkristo anaingia na Ukristo wake.

Nimeona faili lake jikoni, limepakwa siagi pembeni. Ndani kuna vijitabu, na nyuma ya kila kimoja mzee ameandika kwa penseli. Kipindi kile alikuwa anajifunza Ogham, herufi za kale za Ireland, 20, ambazo wao wanazifungamanisha na miti. Alikuwa amejipa kazi ya kukaa chini ya mti uleule kila siku kabla ya zamu, robo saa, na kuandika alichokiona. Nikasoma ukurasa mmoja. "Jumanne. Mvua. Hakuna kitu." Jumatano: "Hakuna kitu. Kunguru." Kozi inayokuruhusu kuandika "hakuna kitu" mimi naiamini kuliko ile iliyoniambia siku ya tatu nitaona nuru.

Mfipa Halisi

Swali la watu wazima. Nasikia hao jamaa wanafanya mambo yao uchi. Ni kweli au chumvi?

Bint Chumbageni

Nilijua wewe ndiye utauliza. Baadhi, kweli. Kwenye mila ya Gardner ni kawaida, wenyewe wanasema "wamevaa mbingu". Wengine wanavaa majoho, na Wadruidi niliowaona kwenye mawe ya kale ya Stonehenge walikuwa na makoti ya mvua. Muhimu ni hili: koveni ya watu wa maana hukuambia mapema, kabla hujaingia, na ukisema hapana mnaagana vizuri. Hawapokei mtoto wa chini ya miaka 18. Sasa wewe ukiwa kwenye kozi ya simu, mwalimu akakuomba picha za mwili "kwa ajili ya kusafisha nyota", au akasema nguvu hupitishwa kitandani, huyo hana mila yoyote. Mfungie namba. Ikibidi polisi.

Ustadh wa Kona

Assalaam alaykum dada yangu. Nimesoma kwa utulivu wala sikutukani. Lakini shirki ni shirki, hata ikiwa na silabasi na mtihani. Kwa nini mtoto wa Kiislamu apoteze pesa na imani kwa wakati mmoja?

Bint Chumbageni

Waalaykumu salaam, Ustadh. Sibishani nawe, na mama yangu ameshaniambia hayohayo kwa sauti kubwa zaidi. Niliingia kwa udadisi, na nilichobaki nacho ni udadisi.

Na kwa mwenye udadisi tu kuna njia nyingine. Chuo Kikuu cha Exeter kimeanzisha shahada ya uzamili ya uchawi na elimu za siri, wanafunzi wa kwanza waliingia Septemba 2024. Hawafundishi kuroga, wanasoma historia, fasihi, falsafa, dini. Na unajua imewekwa wapi? Kwenye taasisi yao ya masomo ya Kiarabu na Kiislamu. Ada ni ya chuo kikuu, kwa hiyo siyo mchezo, lakini ukitoka una shahada ambayo mwajiri anaweza kuithibitisha. Marekani nako kuna Cherry Hill Seminary, South Carolina, wanasomesha makuhani wa Kipagani kwa mtandao: ushauri, maadili, jinsi ya kumhudumia mgonjwa hospitalini au mfungwa. Kazi ya uchungaji hasa, mishumaa kidogo sana.

Ustadh wa Kona

Hapo kwenye kusoma vitabu sina neno. Falaki ilisomwa Lamu na Unguja kabla ya hao kujua kuandika tangazo. Babu yangu alikuwa na vitabu vyake sandukuni, hatukuruhusiwa hata kuligusa sanduku.

Wakili wa Kijiweni

Naomba niongeze jambo mnalolisahau. Waingereza walifuta sheria yao 1951, lakini walizotuachia bado zipo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Uchawi ya 1928, Sura ya 18. Tafsiri ya "uchawi" humo ni pana mno: inagusa hata kujidai kuwa na elimu ya siri. Na mtu kujitangaza kwa maneno au vitendo kwamba ana uwezo wa uchawi ni kosa. Kenya wana yao ya 1925. Sasa wewe rudi likizo Korogwe na cheti chenye maandishi ya dhahabu "Mchawi Daraja la Tatu", kitundike sebuleni karibu na picha ya harusi. Umejitengenezea kidhibiti mwenyewe, tena ukalipia.

Halafu tuache utani. Vikongwe wameuawa Shinyanga na Mwanza kwa macho mekundu ya moshi wa kuni tu. Neno hili kwetu linaua. Mzungu akilivaa kama kanga, kwetu bado ni panga.

Bint Chumbageni

Wakili, asante. Cheti changu kiko chini ya godoro na hakipandi ndege.

Dada wa Kapsabet, nimekuja kwako sasa. Nina swali la kumpima mwalimu yeyote, nimelitunga mwenyewe baada ya kuliwa. Zile sikukuu 8 zinafuata majira ya Ulaya. Ile inayoitwa Yule ni mwezi wa 12, usiku mrefu kuliko yote. Samhain ni mwisho wa Oktoba, majani yanapukutika, baridi inaingia. Beltane ni mwanzo wa Mei, maua. Mafaili yangu yaliandikwa hivyohivyo, "chungulia dirishani uone theluji". Waaustralia wamegeuza kalenda juu chini, wanafanya Yule mwezi wa 6, kwa sababu huko ndiyo baridi yao. Lakini Eldoret ipo nusu digrii tu juu ya ikweta. Usiku wako Desemba na usiku wako Juni vinalingana, karibu dakika kwa dakika. Tanga hatuna theluji. Tuna masika na vuli, kusi na kaskazi.

Basi mwandikie: "Mwalimu, mimi nakaa ikweta. Yule nifanye lini?" Halafu nyamaza umsikilize. Akisema fuata tarehe tu, hajawahi kufikiri anachokifundisha ni cha nini. Akikuuliza, "Kwenu mwaka unaanza vipi, mvua inakuja lini, wakulima wanafanya nini?" huyo ana kitu cha kukufundisha, mpe nafasi. Nilimuuliza mpishi. Alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akataka nimweleze Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Nikamweleza: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba na nguo mpya. Mzee akaandika kwa penseli.

Kaka Zamu

Na kwa asiye na hata senti moja ya kozi?

Bint Chumbageni

Maktaba. Sitanii. Na ukiwa Uingereza, kuna makumbusho ya uchawi Boscastle, kijiji cha bandari kule Cornwall. Yalifunguliwa hapo 1960 na Cecil Williamson. Mafuriko ya Agosti 2004 yaliyaingilia, wakasafisha tope wakafungua tena. Nilienda na mpishi na mkewe kwa gari lao bovu. Wanasesere waliochomwa pini, sawa, nilitegemea. Kilichonisimamisha ni mtungi. Karne ya 17 Waingereza walikuwa wanachukua mtungi au chupa, wanatia misumari, pini, nywele, mkojo wa mgonjwa, wanaziba, wanauzika chini ya jiko au kizingiti ili uchawi usivuke.

Nikawaambia hili kwetu lina jina. Fingo. Gede kule Malindi wanakuonyesha mahali mtungi ulipofukiwa. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na lake, alijua yeye na aliyelizika. Nilisimama pale mbele ya kioo, mkono mdomoni, mke wa mpishi akadhani naumwa. Hakuna kati ya yale mafaili 12 lililonifundisha kitu kikubwa kama ule mtungi, na kiingilio chake hakikufika bei ya kuku wa kuchoma.

Mfipa Halisi

Sasa hapo nimeelewa kwa nini umeandika huu uzi. Naondoa maneno yangu ya ungo.

Dada wa Kapsabet

Nimerudi. Nimemuuliza yule mwalimu swali lako, neno kwa neno. Amejibu baada ya dakika mbili. Ameandika: "Swali zuri sana, mpendwa! Majibu yote yako kwenye moduli ya 6. Lipa leo upate punguzo la asilimia 30."

Kaka Zamu

😂😂😂

Bint Chumbageni

Muulize moduli ya 6 inaitwaje.

Dada wa Kapsabet

"Theluji na Uchawi wa Majira ya Baridi." Nimetoka kwa group.

Ustadh wa Kona

Alhamdulillah.

Bint Chumbageni

Sasa dada, hiyo pesa ikikaa utaila. Eldoret unaweza kuanza na mama yeyote wa sokoni anayeuza mitishamba. Nunua kidogo, uliza jina la kila mti kwa Kikalenjin, andika. Uje utuambie hapa. Mimi nalala, zamu ni saa moja asubuhi.